Tulivyomtoa Baba Ndani ya Kideki

Kama wewe ni wa rika langu na umekulia vijijini Kisarawe, huhitaji kuambiwa: betri za redio zikichoka hazitupwi, zinaanikwa. Pale Mzenga tulizipanga juani kama dagaa, na mtoto mmoja anawekwa zamu ya kufukuza kuku wasizidonoe. Mlinzi nilikuwa mimi. Jioni zinarudi kwenye redio kaseti ya marehemu baba, zinatoa nyimbo mbili tatu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, halafu basi. Lakini hizo nyimbo mbili tatu tulizicheza mpaka vumbi likapanda kwenye kenchi.

Redio ile baba aliinunua msimu wa korosho, na kijiji kizima kiliijua. Tunatoka kwenye michezo ya rede na kombolela miguu imepauka, tunakaa mkekani na mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai, tunamsubiri aondoe kitambaa cha kufuma alichoifunikia. Hakuna kugusa. Ukigusa unachapwa na baba, unachapwa na mama, na jirani aliyekuona naye anakuongezea.

Sasa, redio ile ilikuwa na tabia ya kula kanda. Unasikia mwimbaji anazama, sauti inakuwa nzito kama ya fahali, kisha kimya. Watu wazima wote walikuwa wanavuta kwa nguvu, na kanda inakatika. Mwenye mkono nilikuwa mimi. Sijisifu, nasema kilichokuwepo. Natoa betri kwanza, nafungua kidirisha, naingiza njiti ya ufagio pale utepe ulipojisokota, naulegeza taratibu, naitoa kanda, halafu kalamu ya biki kwenye tundu lake, nazungusha mpaka utepe wote unarudi ndani. Baba anakaa pembeni ananiambia, "Usiigombeze, mwanangu. Haikuchukii." Darasani nilikuwa wa mwisho, na nilipofika la saba shule ikanisindikiza mlangoni. Lakini kaseti haikuwahi kunishinda hata moja. Mkono huohuo ndio ulionipa gereji ya pikipiki hapa Kibaha na nyumba ya vigae ambayo wenye digrii wanaipigia picha wakipita.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo la juzi.

Mama yangu, Bi Mwanaidi, alikuja kutoka Mzenga na mfuko wa mihogo, mabungo, na DVD moja aliyoizungushia khanga kama kichanga. Kijijini sahani hizo zote ni sidii tu, za nyimbo au za picha. Hii ilikuwa ya harusi ya dada yangu. Baba amekwishafariki, na picha yake inayotembea duniani ni hiyo peke yake: anacheza mdundiko uani, kofia imeenda upande, anacheka. Studio iliyorekodi ilishafunga, na deki ya kijijini imekufa.

"Mwaka mzima sijamwona baba yenu," mama akasema kabla hata ya kukaa. "Kesho narudi. Niwashieni."

Kompyuta za siku hizi hazina mdomo wa sidii. Binti yangu Zainabu, anayefanya kazi ofisini, akaleta kideki cha pembeni, kile cha kuchomeka kwa waya. Akaipachika sahani, akafunga. Kideki kikanguruma, kikakwaruza, kikanyamaza. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena kama anayegombana na mtu.

"Imekwama, Baba."

"Imekwama au umeikwamisha?"

"Baba jamani!"

Mama akauliza kutoka kwenye kochi, taratibu kabisa, "Mmemfungia humo?"

Hapo nikaona mambo si mchezo. Zainabu akaenda jikoni akarudi na kisu.

"Nabinua kidogo tu hapa mbele."

"Ukibinua unamkata babu yako shingo. Weka kisu chini."

Vijana wetu hawa! Kitu kikigoma sekunde mbili, ama wanakivunja ama wananunua kingine. Lakini haki yake nimpe: ni yeye aliyeniambia kwamba mbele ya kideki kuna kitundu kidogo cha dharura, ukichomeka kitu chembamba mlango unaachia. Hilo sikulijua. Nikachomoa waya kwanza, kama nilivyokuwa natoa betri, kisha nikanyoosha mkono kichwani kwake nikachomoa pini ya mtandio.

"Baba, pini yangu!"

"Nitakununulia duka la pini."

Nikaichomeka mpaka nikahisi kitu kinarudi nyuma. Mlango ukajitokeza unene wa kucha, ukagoma. Sikulazimisha. Nikakiinua kideki hadi kwenye mwanga wa dirisha, nikachungulia. Juu ya sahani kulikuwa na kitu kimejikunja, cheupe.

"Mama, hii sidii mmeifanya nini?"

Mama akatazama pembeni. "Si nimeiwekea jina."

"Kwa kitu gani?"

"Plasta. Ile ya vidonda."

Zainabu akashika kichwa. "Bibi! Plasta?"

"Ulitaka nifanye nini, mjukuu wangu? Sidii ya harusi kwetu haikai ndani, inaazimwa. Ilitoka nyumba hii, nyumba ile, ikafika mpaka Maneromango, wakanirudishia harusi ya watu wengine! Nimekaa natazama bibi harusi simjui. Kuipata hii nimezunguka kwa miguu. Ndipo nikaibandika jina langu, wajue ya nani."

Nani wa kumlaumu? Sisi wa kule tunaandika jina kwenye sufuria, kwenye jembe, kwenye kiti cha shughuli. Ila kideki ni chembamba, hakina nafasi ya plasta.

Nikakata kipande chembamba cha chupa ya soda ya plastiki. Nikamshikisha Zainabu pini, nikakiinamisha kideki mdomo chini, nikapenyeza plastiki juu ya sahani na kuilaza ile ncha ya plasta iliyojikunja.

"Sukuma. Simama. Usivute! Sukuma tena."

"Baba, mkono unaniuma."

"Uume. Babu yako anatoka."

Na akatoka. Mlango uliteleza wote, taratibu, na sahani ikakaa mkononi mwangu nzima, haina hata mkwaruzo upande wa kung'aa. Nikainyanyua juu kama nahodha na kombe. Mama akapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza tunamwoza nani. Plasta tukailainisha kwa mafuta ya kula, tukaibandua, tukafuta. Tukarudisha, na Zainabu akaiunganisha kompyuta na televisheni.

Baba akatokea. Ukuta mzima, maana televisheni yangu si ya kitoto.

Mama akaanza kumsema. "Mwone. Nilimwambia vaa viatu, akasema ngoma haichezwi na viatu. Mwone anavyocheka!" Kila baba akimaliza kucheza, mama anasema, "Rudisha." Zainabu anarudisha. Sikuhesabu. Mihogo ilipoa mezani na hakuna aliyeikumbuka.

Kabla mama hajaondoka, Zainabu alinakili ile harusi akaniwekea kwenye simu. Kwa hiyo sasa natembea na baba mfukoni, jambo ambalo enzi zetu ungelisema ungepelekwa kwa mganga. Naweza kumtazama gerejini, kwenye foleni, popote. Na mtaniamini nikisema sijamfungua hata mara moja? Nimejaribu. Kidole kinafika, kinarudi. Zamani kitu kizuri kilikuwa hakifunguliwi mpaka watu wamekaa mkekani na mwenye zamu ya betri amekuja. Siku hizi kila mtu ana harusi zote mfukoni, na anazitazama peke yake, kama anazitazama.

Basi Idi hii naenda Mzenga na televisheni mpya, kubwa kuliko dirisha la nyumba yetu. Nitaitundika uani. Mama atakaa mbele, majirani nyuma yake, watoto kwenye mkeka. Hapo ndipo nitakapomfungua baba.