Vichwa Sita na Fomu Mbili

Wiki ya mwisho ya Julai, kioo cha saluni ya Jeannine kule Bellevue kilikuwa kimebandikwa fomu mbili, moja kushoto na moja kulia. Mteja akikaa kitini alijiona yeye katikati, na huku na huku ligi mbili za mpira wa wasichana.

Jeannine ni msusi. Alitoka Uvira, Kongo, miaka kumi na sita iliyopita, na saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba saba. Kuna viti viwili: kimoja chake, cha pili cha Clémentine, msusi mwenzake. Binti yake, Sagesse, ana miaka kumi na tatu na anacheza winga ya kushoto. Katika likizo ya baridi, ambayo huku kusini mwa bara huwa Juni na Julai, alifanya majaribio kwenye klabu mbili, na zote mbili zikamtaka. Kwa siku tatu alikula amesimama kwa furaha.

Lakini ligi zote mbili zilikuwa na sharti moja: mchezaji ana kadi moja tu. Ukisaini huku, huwezi kucheza kule mpaka msimu uishe Novemba. Na dirisha la usajili lingefungwa Jumamosi saa sita mchana.

Pale saluni waliziita ligi ya Jumamosi na ligi ya Jumapili. Ya Jumamosi inachezwa kaskazini ya jiji, kwenye nyasi za kijani hata wakati wa baridi, na refa ana wasaidizi wawili wenye vibendera. Kila mechi hupigwa video, na watu wa timu ya jimbo huja kutazama. Ya Jumapili inachezwa saa tisa alasiri bondeni, chini kidogo ya Bellevue, kwenye uwanja ambao Julai hauna jani hata moja. Refa ni mmoja, na watazamaji husimama juu ya mstari wenyewe.

Hénock, mume wa Jeannine, ni mlinzi kwenye maduka ya huko huko kaskazini. Yeye hakuona la kufikiri.

"Mama Sagesse, mimi nimeona ule uwanja kwa macho," alisema. "Mtoto akianguka pale haumii. Bondeni akianguka tunamwokota vipande."

"Papa Sagesse, sasa unampeleka kucheza au kuanguka?" Clémentine akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akisuka. Binti yake, Murielle, anacheza ligi ya Jumapili, kwa hiyo kila mtu alijua yuko upande gani.

"Na kanisa je? Jumapili saa tisa mchungaji bado hajafika hata kwenye matangazo."

"Mungu anaona mpaka bondeni."

Sagesse mwenyewe alitaka Jumamosi. Huyu mtoto anaelewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza akichanganya na Kizulu, na wiki ile alijibu haraka kiasi kwamba mama yake alishika nusu tu. Alichoshika ni hiki: jezi zao zina jina mgongoni, na video unaweza kuirudia ukajiona.

Jumanne saa kumi alasiri akaja Moraa. Ana miaka kumi na minne, mama yake ni Mkenya anayefanya kazi benki, na anachezea klabu ile ile ya Jumamosi iliyomtaka Sagesse. Jeannine alikuwa amemsuka mistari wiki tatu kabla, na sasa alitaka kuifumua amsuke upya. Akaingiza ncha ya kitana kwenye mstari wa kwanza, akasimama.

Mistari ilikuwa kama ameimaliza jana. Nywele za mbele zimelala. Hapakuwa na vumbi, wala chumvi ya jasho kwenye ngozi ya kichwa.

"Mwanangu, tangu nikusuke umecheza mechi ngapi?"

"Tatu, auntie."

"Umecheza, au umekwenda?"

Mama yake Moraa alikuwa nje, anaongea na simu. Moraa akatazama mlango, akasema polepole, "Nimeingia mara mbili. Dakika kumi na moja zote pamoja. Tuko wachezaji ishirini na wawili."

Jeannine akaendelea kufumua. Lakini jioni, alipoanza kumfumua Murielle, alimwita Clémentine aje aone. Murielle alikuwa amesukwa wiki mbili tu zilizopita. Mstari wa mbele ulikuwa umefumuka wote kwa sababu ya kupiga mipira ya kichwa, kisogo kilikuwa timtim, na kitana kilipopita, vumbi jekundu likamwagika kwenye kitambaa cheupe.

"Umeona?" Jeannine alisema.

"Nimeona mtoto wangu hajui kuoga," Clémentine akajibu. Kisha akaelewa. "Eish! Mama Sagesse! Nywele zinasema!"

Kuanzia hapo kazi ikawa na utamu mpya. Wiki ya kufungua shule wasichana wengi husuka, na hadi Alhamisi jioni mikono ya Jeannine ilikuwa imepita kwenye vichwa sita vya wachezaji, vinne vya Jumamosi na viwili vya Jumapili. Vya Jumapili vyote vilikuwa vimetimka. Vya Jumamosi, vitatu vilikuwa laini kama vya bibi harusi.

Cha nne ndicho kilichomharibia hesabu. Kilikuwa cha Samira, kiungo wa klabu ile ile ya akina Moraa, na kilikuwa kibovu kuliko hata cha Murielle.

"Wewe wanakuchezesha," Jeannine akamwambia.

"Kila mechi, auntie. Hawanitoi." Samira akacheka. "Lakini mwaka jana wote nilibeba chupa za maji. Msimu mzima. Nyumbani walidhani nimeajiriwa."

Usiku ule ule Jeannine angeweza kunyamaza kuhusu Samira. Hakunyamaza. Alimweleza Sagesse yote, mezani, vichwa vyote sita.

Sagesse akaweka kijiko chini. "Maman, unachagua ligi kwa kutazama nywele?"

"Wewe unachagua kwa kutazama jezi."

Hénock akakohoa kuficha kicheko.

"Basi mimi nitakuwa Samira," Sagesse akasema.

"Unaweza. Na ukiwa Moraa?"

Mtoto akakishika tena kijiko. Moraa si mchezaji mbaya, na Sagesse alilijua hilo, kwa sababu siku ya majaribio Moraa alimpita mara mbili. Kitu alichokitaka Sagesse kilikuwa kimoja, na mama yake alikijua tangu mtoto ana miaka sita akipiga mpira kwenye ukuta wa jirani mpaka jirani atoke: alitaka kucheza. Miezi minne ya kukaa benchi kwake ni kifungo.

"Usiniulize mimi," Jeannine alisema mwishowe. "Waulize makocha. Uliza dakika."

Ijumaa nzima Sagesse aliogopa kupiga simu. Jumamosi asubuhi, saa tano kasoro dakika kumi, aliingia saluni na simu ya baba yake mkononi. Saluni ilikuwa imejaa, maana Jumamosi ndiyo siku ya kazi. Kwenye kiti cha Jeannine alikaa Mama Gaël, mfanyabiashara wa jumla mjini na mwimbaji wa kwaya moja naye, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima.

"Weka sauti kubwa," Mama Gaël akaamuru. "Sisi wote ni wazazi hapa."

Wakazima redio. Clémentine akazima mashine ya kukaushia nywele, na mteja wake hakulalamika.

Kocha wa klabu ya Jumamosi alijibu bila kuzunguka. Upande wa kushoto ana wasichana watatu wakubwa kidogo. Sagesse atafanya mazoezi nao, atajifunza, na mechi ataanza kuzionja mwakani. "Nimekuchukua kwa ajili ya baadaye," alisema. "Kwa msimu huu siwezi kukuahidi."

"Huyu ni mtu mkweli," Mama Gaël alinong'ona. "Mkweli kabisa. Inauma."

Kocha wa Jumapili ni Burhani, fundi cherehani kutoka Kigoma. Simu ilipopokelewa, cherehani ilisikika ikinguruma nyuma yake.

"Dakika?" akauliza. "Mwanangu, mimi nina wasichana kumi na wawili, na mmoja mguu mbovu. Kesho saa tisa tuna mechi. Utaanza na utamaliza. Ukitaka kutapika, tapika nje ya mstari, kisha urudi." Wanawake wakaangua kicheko. "Lakini nisikudanganye, tuko wa nane, na timu ni kumi. Tunafungwa."

Sagesse akakata simu. Alitazama fomu ya kushoto, akatazama ya kulia.

"Samira aliweza kungoja," alisema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Mimi siwezi. Mimi nataka kesho."

"Umeamua wewe?" mama yake akauliza. "Siyo mimi na vichwa vyangu?"

"Mimi."

Pale ndipo Clémentine alipopiga kelele. Ilikuwa saa tano na dakika kumi na mbili, fomu ilitakiwa kusainiwa na mzazi mbele ya kocha, na kocha alikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu. Jeannine akatazama kichwa kilichokuwa mikononi mwake.

"Mama Gaël, siwezi kukuacha hivi."

"Nani amesema unaniacha?" Mama Gaël alikuwa ameshasimama, anatafuta ufunguo. "Gari langu la mizigo liko nje. Twendeni!"

Wakaenda watatu mbele, Sagesse katikati na fomu kifuani, Mama Gaël kwenye usukani na nusu ya nywele zake zikigusa paa. Robot, yaani taa za barabarani, tatu mfululizo ziliwawakia nyekundu. Kwenye ya tatu, dereva wa teksi alichungulia, akatazama kile kichwa, akauliza kama fundi amekufa.

"Fundi huyu hapa!" Mama Gaël akamjibu. "Mtoto wake anasajiliwa!"

Yule dereva hakujua anasajiliwa wapi, lakini alipiga honi mara mbili na kuwapisha.

Lifti ya jengo lile haifanyi kazi. Walipanda ngazi, Sagesse akitangulia ghorofa nzima. Saa tano na dakika arobaini na saba Jeannine aliweka sahihi juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya suruali mbili za watu. Burhani akapiga picha ya fomu, akaituma kwa katibu wa ligi, na wote wanne wakakaa wakiitazama simu kana kwamba ni chungu cha maharage. Jibu lilirudi saa sita kasoro dakika tano. Imepokelewa.

"Sharp, mambo safi," Burhani akasema. Akavuta tepu shingoni na kumpima Sagesse mabega pale pale. "Jezi namba kumi na moja ni ya Murielle, na Murielle haachii. Nikupe kumi na saba?"

"Nipe yoyote."

Siku ya pili mchungaji alimaliza mahubiri saa tisa na dakika kumi. Jeannine hakungoja matangazo. Alishuka bondeni na viatu vya kanisani mkononi, akakuta mechi ina dakika ishirini na tano, wamefungwa moja bila, na namba kumi na saba iko mbali kule kushoto, inaomba mpira kwa mikono miwili. Hénock alikuwa ameshafika. Mtu aliyesema mtoto ataokotwa vipande alikuwa akikimbia juu ya mstari, sare ya kazi ikiwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini, akimwambia refa asiyemjua kwamba ile ilikuwa kona.

Sagesse alifunga goli la pili la timu yake kwa mguu wa kulia, ambao si wake. Alimpa Murielle pasi ya la tatu. Dakika tatu kabla ya mwisho akapoteza mpira karibu na goli lao wenyewe, na wale wengine wakafunga la nne. Filimbi ikapigwa nne kwa tatu. Alikuwa amecheza dakika zote sabini.

Jeannine alikwenda na chupa ya maji, akitafuta maneno ya kumpa pole. Mtoto aliichukua, akanywa nusu, nusu akajimwagia, kisha akamgeukia Burhani.

"Kocha, Jumapili ijayo tunacheza na nani?"

"Na wa kwanza," Burhani alisema. "Hawajafungwa tangu Machi."

"Beki wao wa kulia ni nani?" Sagesse akauliza. "Ni mrefu? Anatumia mguu gani?"