Mzimu wa Safu ya Tatu

Mama Pasi hakupewa jina hilo kwa upole wake. Alikuwa akipiga pasi shuka na makoti ya madaktari katika chumba cha kufulia cha hospitali, na aliyemgusa pabaya aliondoka ameungua. Kazini, yaani. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Tangu mumewe afariki, ndugu wa mume walikuwa wakija kufanya kikao sebuleni kwake, kuamua mjane akae na nani, aende wapi, arudi saa ngapi. Yeye aliwamiminia chai. Walimjadili huku wakimnyooshea vikombe, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumuuliza, "Na wewe, mama, unasemaje?"

Ndiyo maana kinyozi wa jirani na hospitali alipomwambia anatafuta mtu wa kucheza mzimu, alikubali kabla mwenzake hajamaliza sentensi. Kinyozi huyo ndiye aliyeongoza kikundi cha maigizo cha mtaa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yeye alikuwa na kipara kitupu, ila akili ya maigizo alikuwa nayo tele. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi: mwanamke amekufa, ndugu wanaigombania nyumba yake, naye amekataa kuondoka. Hakuna anayemwona. Muuguzi wa wodi ya watoto alicheza dada wa marehemu, na muuza vipuri vya baiskeli akawa kaka mtu, mwenye tamaa kama fisi.

"Nikuletee shuka nyeupe ujifunike?" kinyozi aliuliza mazoezini.

"La nini? Shuka nazijua mimi, nashinda nazo kutwa. Huyu mwanamke alipokuwa hai alikuwa anatembea na shuka? Nitavaa koti langu la kazi."

Kinyozi akakuna kipara, akakubali. Lakini alikuwa na sheria mbili ambazo hazikuguswa. Ya kwanza, mlango ukishafunguliwa mchezo hausimamishwi, hata paa liezuliwe. Ya pili, mzimu haonekani: aliyeko jukwaani akimtupia jicho, hata la wizi, anafukuzwa mazoezini siku hiyo. Muuza vipuri alikuwa mwoga kwelikweli, na alishafukuzwa hadi akazoea.

Mzimu alipaswa kuingia pamoja na watazamaji, akae safu ya tatu apige soga, mpaka taa imgeukie ainuke. Kiti cha kando yake kiliachwa wazi kila mara. Hiyo ni kwa sababu katika mchezo mmoja wa zamani, bibi fulani aliyeketi kando ya mzimu alishtuka, akamtandika kwa mwavuli.

Habari zikamfikia shemeji yake Mama Pasi, mdogo wa marehemu mumewe. Akaja amekunja uso.

"Shemeji, mjane kucheza mzimu? Watu watasemaje? Familia imeamua uache."

"Familia ipi hiyo iliyokaa bila mimi?"

"Usipoacha, nitakuja kukutoa mbele za watu."

"Karibu. Kiingilio ni bure."

Alijibu hivyo, lakini mlango aliufunga kwa komeo. Shemeji hakuwa mtu wa kutisha tu akaishia hapo, na aibu ya kuburutwa mbele ya mtaa mzima haiponi upesi. Aliogopa, tusidanganyane. Ila alijua kwamba akiuacha mchezo huu, kile kikao kitamwamulia kila kitu mpaka siku ya kumzika. Maji alishayavulia nguo, akaamua kuyaoga.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi ili kupata giza. Mchezo ulikuwa umeshaanza shemeji alipoingia na suti yake. Akapapasa mpaka safu ya tatu, akaona kile kiti kitupu, akaketi.

Taa ikageuka, ikawamulika wote wawili. Mama Pasi akainuka, na shemeji akamdaka mkono.

"Shemeji, twende nyumbani! Unatuaibisha!"

Ukumbi mzima ukaguna. Walidhani ndio mchezo wenyewe. Kinyozi, aliyeishika taa, hakuizima. Jukwaani muuguzi akageuka. Macho yake yakampita Mama Pasi kana kwamba hapakuwa na mtu, yakatua kwa shemeji.

"Kaka," akasema kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa, "unaongea na nani hapo?"

"Na huyu!"

"Yupi? Mbona naona kiti kitupu?"

"Huyu hapa! Si nimemshika mkono?"

Muuza vipuri akasogea ukingoni mwa jukwaa. Siku hiyo hakumtupia mzimu hata jicho la wizi. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Msiba umetuchanganya wote. Kaa kwanza, unywe maji."

Watu wakaangua kicheko, macho yote kwa shemeji. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akitafuta japo mtu mmoja wa kukiri kwamba mwanamke huyu yupo. Hakumpata. Vidole vyake vikalegea.

Mama Pasi akautoa mkono wake. Maneno ya mzimu aliyajua kwa moyo. Alifundishwa kuyatamka huku akitazama jukwaani. Yeye akamtazama shemeji.

"Nani amewaambia nimeondoka?"

Kisha akapanda jukwaani na koti lake la kazi, akacheza mpaka mwisho, na watu wakapiga makofi wakiwa wamesimama.

Nje, alimkuta shemeji akimsubiri juani, tai imelegea.

"Umenidhalilisha, shemeji. Watu wamenifanya mwendawazimu. Nasema, nasema, hakuna anayesikia!"

"Umekaa hivyo kwa muda wa mchezo mmoja tu," Mama Pasi akasema. "Mimi nimekaa hivyo sebuleni kwangu tangu tumzike kaka yako."

Shemeji akaanza kuikaza tai yake.

"Kikao kijacho mkija, birika litakuwa mezani, na vikombe pia. Mtajimiminia wenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa, na nitaanza kusema kabla yenu."