Siku Hoteli Yetu Ilinyamaza

Nilikuwa nasukuma chapati kwenye hoteli ya anti, pale Bondeni, na siku hiyo aliniachia niweke tenisi ya wanawake kwenye TV. Mchezaji ninayempenda alikuwa ametoka kuuguza goti. Alikuwa amesema likimsumbua wiki hiyo, hataenda yale mashindano makubwa yanayofuata.

Ikabaki pointi moja ashinde.

"Huyu anapiga kama anapasua kuni!" akasema mzee mmoja, mdomo umejaa mandazi. "Maliza, mathe!"

Refa akaomba watu wanyamaze. Aliwaambia wale wa uwanjani, ng'ambo huko, lakini hata sisi tukanyamaza. Mzee akaacha kutafuna. Anti akazima gesi, eti inanguruma.

Yule dada akakimbilia mpira kwa goti lile lile, akaufikia, akashinda. Hakuna aliyeshangilia. Bado tulikuwa tunangoja refa aturuhusu.