Mafundo Saba na Lori la Shedrack

Jeneza la Yudith lilipitishwa juu ya ua wa jirani. Hilo ndilo Aminieli, mumewe, hakuweza kulimeza.

Kutoka mlangoni kwake kwenda migombani, wanakolala wazee wa ukoo, njia ni moja tu. Kulia korongo, kushoto ua wa Kaanaeli. Katikati lilisimama lori la Shedrack. Siku ya maziko, mwezi wa pili, wabebaji waliinua jeneza mikono juu, wakaruka ua, miguu ikiteleza kwenye matope, mpaka likainama upande. Aminieli alisikia kitu kikigonga mbao kwa ndani. Aliendelea kutembea nyuma yake. Si mtu wa maneno.

Lori lilikuja kwa wema wa Yudith mwenyewe. Shedrack, mnunuzi wa tangawizi kutoka Vudee, alisimama uani akafuta jasho. "Mama, gia boksi imekufa. Nilaze gari hapa siku mbili tu." Yudith akamruhusu, akamtilia na chai. Siku mbili zikawa miaka miwili. Kuku wakataga chini ya tangi. Ukimpigia, "Nakuja, mzee wangu." Baadaye hata hiyo "nakuja" ikakoma.

Sasa watoto walikuwa wanarudi Jumapili ya mwisho wa Agosti kulijengea kaburi. Mawe yangepita wapi? Saruji je? Aminieli alijiapia: mke wangu hazungushwi mara ya pili.

Alianza na simu. Kassimu wa Same mjini ana breki dauni, anavuta magari yaliyoharibika barabara kuu. Alicheka aliposikia gari liko Suji.

"Mzee wangu, hiyo milima yenu? Gari langu likipanda huko, na lenyewe litatafuta wa kulivuta. Halafu sikiliza. Gari likiwa ndani ya boma la mtu, siligusi bila karatasi ya mtendaji. Nenda kwanza kwa mtendaji."

Akaenda. Mtendaji wa kijiji ni binti mdogo, Doreen.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka kulitoa lori."

Doreen alimweleza taratibu. Kijiji kina sheria yake ndogo. Gari la mtu, hata likiwa limekuziba pumzi, hulivuti kwa hasira. Unabandika ilani kwenye kioo. Ilani inakaa siku saba kamili, mwenye gari anapigiwa simu. Asipokuja, linavutwa mpaka uwanja wa ofisi ya kijiji, mtendaji akishuhudia. Likikwaruzwa kabla ya siku saba, wewe ndiye mkosaji.

"Siku zinahesabiwa kuanzia ile ya kubandika ilani, baba. Siyo tangu niiandike."

"Nani anazihesabu?"

"Wewe. Uandike mahali."

Aminieli aliitazama kalamu mezani. Hajui kuandika hata jina lake. Yudith ndiye alikuwa akimsomea, mpaka maandishi ya dawa zake mwenyewe za mwisho. Akachukua ilani aliyoandikiwa na Doreen, akashukuru, akatoka.

Siku ile ile, Alhamisi, aliibandika, akaifunika kwa nailoni. Kisha akakata kamba ndefu ya mkonge, akaifunga kwenye kioo cha pembeni cha lori, akamwita Kaanaeli.

"Iko?"

"Karatasi? Si naiona."

"Funga fundo."

"Baba Victoria, umeanza uganga uzeeni?"

"Funga."

Akafunga huku akicheka. Kesho yake Aminieli alimwita Loth. Jumamosi, siku ya Sabato, akamshika mzee wa kanisa mlangoni. Kila siku jirani mwingine, kila siku fundo moja, na kila mmoja alifunga kwa mtindo wake. Jumatatu mvua ilipiga, maji yakaingia kwenye nailoni, wino ukawa uji. Karatasi ikabaki, maneno yakaondoka. Aminieli aliiacha palepale. Doreen alimpigia Shedrack mara nne, hakupokea, akamtumia ujumbe.

Jumatano jioni mafundo yalikuwa saba. Aminieli akaenda kwa mwenyekiti. Alisimama kizingitini, kofia mkononi.

"Yudith hakukosa msaragambo hata mmoja. Mifereji, barabara, shule, kila kazi ya pamoja. Namwombea mmoja."

Mwenyekiti hakumaliza hata uji wake. Akaagiza gunda lipulizwe, ile pembe ya kuitia watu kazini.

Alhamisi alfajiri Loth alilipuliza. Gunda likilia Upareni, mtu anaacha jembe, anaacha kijiko. Walikuja wanaume kwa wanawake, na makamba mabegani. Propela, chuma cha kuzungushia magurudumu, ilikwisha kufunguliwa na fundi zamani, kwa hiyo magurudumu yalikuwa huru. Loth, aliyewahi kuendesha trekta, akashika usukani. Doreen akasimama na daftari. Kaanaeli akaanzisha wimbo, kamba zikakaza.

Lori likaguna. Halafu likasogea.

Lilikuwa limefika langoni pikipiki iliposimama kwa vumbi. Shedrack akaruka chini.

"Acheni! Gari la watu hilo! Ilani iko wapi?" Akaibandua ile karatasi, akaipeperusha. "Haina hata herufi! Mmeibandika jana hii. Nitawashtaki, mzee wewe wa kwanza!"

Watu waliacha kuvuta. Mawe yakawekwa nyuma ya matairi. Doreen akasema, "Nakala ninayo ofisini. Lakini inaonyesha siku niliyoandika."

"Mnaona? Siku ya kubandika nani anaijua?"

Aminieli alifungua kamba kwenye kioo. Akaiinua.

"Saba," alisema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"La kwanza langu, Alhamisi!" Kaanaeli alipaza sauti. "Nilimcheka mimi huyu mzee, Mungu anisamehe."

"Ijumaa langu. Fundo la kufungia ng'ombe hilo," alisema Loth kutoka usukanini. "Wewe wa Vudee hulijui."

"La Sabato ni langu, nikitoka ibadani," alisema mzee wa kanisa. "Nami niitwe mwongo?"

Jumapili ikajibu. Jumatatu ikajibu, na mvua yake. Jumanne, Jumatano. Saba midomo, saba mafundo. Doreen akaandika, akapiga mstari.

"Siku zimetimia. Vuteni."

Kelele iliyopigwa hapo ilisikika mpaka ng'ambo ya korongo. Lori lilipanda hadi uwanjani kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Shedrack alibaki amesimama. Loth akashuka, akamgusa bega.

"Gunda ulilisikia?"

"Nimetoka Vudee mimi! Ningelisikiaje?"

"Vudee hakuna msaragambo? Anayefika kamba zimeshakaza ana faini. Hata bibi yako angekwambia."

Watu wakacheka. Shedrack akatazama huku na huku, akakuta nyuso zote ni kama za nyumbani kwao. Akainamisha kichwa.

"Faini gani?"

Wote wakamgeukia Aminieli.

"Mawe," alisema. "Ishirini. Toka korongoni mpaka kwa mama aliyekupa chai."

Aliyabeba yote, shati limelowa. La mwisho alilitua taratibu, akavua kofia.

Jumapili watoto walipita wima, Victoria mbele na maua, toroli la saruji nyuma. Hakuna aliyezunguka. Aminieli alitembea katikati ya njia, polepole, apendavyo.

Fundi mwashi aliomba kamba ya kunyooshea mawe. Aminieli akatoa ya mkonge mfukoni.

"Hii ina mafundo, mzee."

"Ndiyo. Anza nayo hiyo."