Nilivyopika sabuni ndani ya lavabo ya Maman Furaha, Bukavu enzi za Zaïre

Wakuu, habari za kutwa.

Juzi mwenzetu humu aliuliza afanyeje, sinki la bafuni limeziba. Nusu ya majibu: "mwaga dawa kali, litafunguka lenyewe". Nimecheka peke yangu hadi chai ikapoa.

Kabla hujamwaga, soma haya. Sijaongeza chumvi, kilichotokea kilitosha.

Shule niliiacha mapema. Kila lori lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Siku moja lori moja likanishusha soko la Nyawera, Bukavu, likitoka Kavumu, nina mfuko mmoja na shati la kubadili.

Pale sokoni Maman Furaha, mjane muuza mawese, alikuwa akimlalamikia jirani kwamba lavabo yake haipitishi maji. Lavabo ndiyo sinki la bafuni kwetu. Nikadakia: mimi ni fundi wa mabomba.

Uongo mtupu. Nilishamwona fundi akifanya kazi mara moja tu, tena kupitia dirishani.

Akanipa chumba cha nyuma ya nyumba, na sharti moja. Jumapili wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja kutoka Nyangezi.

"Banawe mikono ndani, kwa robine. Kama mayi haipite, utabeba ile sakoshi yako." Robine ni bomba la kufungulia maji, sakoshi ni ule mfuko wangu.

Nyumba ilijengwa na Wazungu, ila jiko lao la ndani lilikuwa limegeuzwa chumba cha kulala. Watu walipikia nje kwa makala, yaani mkaa, vyombo wakaoshea bafuni. Miaka yote hiyo mafuta ya sombe (kisamvu) na ya samaki yalishukia mle.

Alhamisi nilichokoa kwa spoku ya baiskeli. Maji yakapita kwa kudondoka.

Ijumaa nikawa mjanja. Sokoni kulikuwa na akina mama waliopika sabuni kwa mawese na soda kostike. Nilikuwa nimeona soda ile inavyobabua mikono. Nikawaza, kinachokula ngozi kitashindwaje uchafu? Nikaomba kikopo, nikamwaga na maji ya moto.

Lavabo ikachemka, ikatoa moshi. Nikalala nikijiona profesa.

Jumamosi asubuhi halikupita hata tone.

Tonton Déo, mdogo wake Maman, aliinama akachungulia.

"Fundi, ulikuya kufungua ao kufunga?" Kisha akamwita dada yake kwa sauti, "Yaya! Huyu iko fundi wa kuziba! Umuache aende!"

Maman akaja. Alitazama tu mfuko wangu pale mlangoni. Nilikuwa nimeshaufunga.

Ningeondoka, wakuu. Kilichonizuia ni udadisi: kuna nini mle ndani?

Nikamwomba Tonton kle yake, yaani spana, akanipa huku akicheka. Nikaweka ndoo chini, nikaviringisha vitambaa mikononi, nikalegeza lile bomba lililopinda chini ya lavabo, sifoni. Likatoka zito. Nikasukuma kwa kijiti.

Kikatoka kitu cha manjano, kigumu, kimepinda kama ndizi, na nywele zimekwama ndani.

Maman akakipokea kwa kitambaa, akakikwaruza kwa kisu, akakisugua na maji kwenye sakafu.

Povu.

Ndipo nikaelewa. Mafuta yalikuwa mle, soda nikaileta mimi. Nilikuwa nimepika sabuni ndani ya bomba!

Maman alicheka hadi akakaa chini. "Déo, kuya uone! Hata sabuni imepotea mu maduka, huyu anatuzalia moja mu tiyo!"

Nikaosha sifoni, nikairudisha. Maji yakashuka kwa kishindo. Nikasema ukweli kabla roho haijasinyaa.

"Maman, mimi si fundi."

"Ninajua. Fundi gani anafikaka bila hata kle moja? Lakini weye unaangaliaka kitu mpaka mwisho. Rudisha sakoshi yako kule nyuma."

Jumapili wakwe walinawa kwa robine, juu ya sakafu iliyong'aa kwa sabuni ya bombani. Mmoja aliisifu sakafu. Tonton Déo akatoka nje kucheka.

Nilikaa pale miaka minne. Mimi, niliyekuwa sijamaliza miezi minne mahali popote.

Somo: anza na sifoni, ndoo chini. Kama nyumba yenu inamwaga mafuta kwenye sinki, usiongeze soda, utapika sabuni. Na soda ile haina utani, kovu lake ninalo kwenye kidole gumba.

Maman Furaha hayupo tena. Lakini nikipita penye harufu ya mawese na soda, huwa nasimama kidogo, najikuta naangalia kama mfuko wangu uko mlangoni.

Haya, mafundi wa kweli nisahihisheni. Na wa uongo wenzangu, nani aliwahi kuwajua siku ya kwanza akawaacha mkae?