Saa Iliyobaki Nyuma Siku Tisini na Saba

Asubuhi ya mazishi ya mume wangu, kaka yake alikuja chumbani nilipokaa na wanawake akaomba funguo za duka. Alisema anakwenda kuchapa ratiba ya ibada. Nilizifungua kwenye pindo la kanga nikampa bila kuinua kichwa. Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Duka letu lilikuwa Dongobesh, karibu na zinaposimama hiace: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Mume wangu alijifunza kompyuta kwa kuzifungua. Mimi niliishia darasa la saba, lakini yeye hakuweza kufanya kazi akiwa amenyamaza, na wa kuongea naye nilikuwa mimi.

Siku alipobadilisha betri ya ubao wa mashine, ile bapa kama sarafu, nilimuuliza ni ya nini. Akasema kwenye ubao kuna programu ndogo iliyowekwa kiwandani. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza. Inaiamsha mashine, kisha inakabidhi kazi kwa kiini cha mfumo, ile programu kubwa inayoendesha kila kitu, na tangu hapo kiini ndicho mkubwa.

"Kwa hiyo ile ndogo inakufa?"

"Haifi, mama. Inafunga milango, inabakiza dirisha moja, na inakiachia kiini anwani ya dirisha hilo. Kiini kikitaka kujua saa, kinapiga hodi pale. Kikitaka kubadilisha saa, pale pale. Kuzima mashine, au kutunza maneno machache yasipotee umeme ukikatika, pale pale."

"Na kikiambiwa saa ya uongo?"

"Kinaipeleka dirishani, na ubao hauulizi. Unapokea, na betri inahesabu kuanzia hapo, hata mashine ikizimwa mwezi mzima."

Kaka yake alikuwa karani wa ghala la ushirika huko Hanang, kabla soko huria halijalifunga. Kazini alikuwa na muhuri wa tarehe wenye magurudumu madogo ya mpira. Alikuwa akijisifu mezani kwangu, mdomo umejaa kuku wangu: "Shemeji, tarehe ni kitu cha kuzungusha kwa kidole." Tulicheka wote. Na mimi nilicheka.

Baada ya misa ya arobaini, ukoo ulikaa kikao. Aliyeongoza ni baba mdogo wa marehemu. Shemeji akatoa barua iliyochapwa dukani kwetu, yenye muhuri wa duka. Ilisema mume wangu amempa yeye shamba la Gendabi. Shamba hilo ndilo lililokuwa likitulisha, na sikuwa na lingine.

Nilisema sahihi si ya mume wangu. Shemeji hakukasirika.

"Sahihi bisheni mnavyotaka. Tazameni hizi namba za chini. Huo si mkono wa mtu, mashine imeandika yenyewe. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa mzima, anatembea."

Ilikuwa kweli kwamba mashine yetu huandika tarehe na saa chini ya kila karatasi. Mume wangu aliipanga hivyo ili wateja wasibishane naye. Barua ilisema walikubaliana saa 2:00 asubuhi, na chini yake mashine iliandika 02:20. Wote waliona sawa. Mimi nilijua kwamba kwenye mashine saa mbili ya asubuhi huandikwa 08, na 02 ni saa nane usiku. Hilo nikaondoka nalo.

Kesho yake nilifungua duka kwa funguo alizonirudishia shemeji jioni ya mazishi, mara ya kwanza tangu msiba. Nikawasha mashine, nikaweka simu yangu pembeni yake. Mashine ilikuwa nyuma siku tisini na saba na saa saba. Betri haikuwa imekufa, maana ikifa saa hurudi mwaka wa kiwandani. Kuna mtu alikiambia kiini, kiini kikapiga hodi dirishani, ubao ukapokea. Intaneti ya kuisahihisha hatukuwa nayo. Naye mtu huyo, aliyezoea muhuri, alizungusha nyuma akasahau kurudisha.

Kwa saa ile mume wangu alikuwa bado hai. Nilikaa naitazama mpaka mteja akanigongea kaunta.

Jioni nilitoa ratiba ya mazishi kwenye Biblia yangu nikasoma namba za chini. Ningeweza kumwendea shemeji kimya kimya, akaichana barua yake, yakaisha. Padri angependa hivyo. Sikutaka. Nilitaka aape kwanza. Nilisubiri wiki nzima, na wiki hiyo nilikula vizuri kuliko siku zote tangu msiba.

Kikao cha pili nilimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Naomba uape kwamba tarehe ya mashine ni ya kweli."

Akaweka kiganja juu ya Biblia, akaapa. Nikamwomba arudie, kwamba upande wa nyuma hawakusikia. Akarudia kwa sauti kubwa.

"Darasa la saba anatufundisha mashine!" mtu akasema, wakacheka.

"Basi fungueni Biblia zenu," nikasema. "Wengi mmeweka humo ratiba ya mazishi. Someni chini."

Karatasi zikatoka. Baba mdogo alivaa miwani, akashika barua mkono huu na ratiba mkono ule. Alisoma polepole.

"Tarehe ni moja. Barua 02:20. Ratiba 02:55." Akamgeukia shemeji. "Mwanangu, uliandika ratiba ya kumzika mdogo wako miezi mitatu kabla hajafa?"

Hakuna aliyecheka tena. Nikamwambia shemeji mbele yao wote: "Ulikuwa unamwibia akiwa sebuleni, jeneza halijafungwa."

Shamba lilibaki kwangu. Baba mdogo akaniomba nisamehe, palepale, watu wapeane mikono. Nikasema nitasamehe siku shemeji atakapokuja dukani kuirudisha saa kwa kidole chake, mchana, hiace zimejaa. Nilijua hatakuja, ndiyo maana nilisema hivyo.

Hajaja. Wateja wananung'unika kuhusu tarehe, nami naikata kwa kalamu na kuandika ya kweli juu yake. Kuisahihisha najua, ni kazi ya dakika moja. Sijaigusa.