Mtoto Aliyezaliwa Kwao Mamake

Jumanne, Mfunguo Nne, mwaka huu wa vita vya Wazungu. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua bila upepo.

Homa ya mtoto wa jirani haijashuka. Mtaa wetu hapa Amu una mapatano: kila nyumba hutoa nazi wakati wa kuangua, zikauzwa, na mtoto akiugua, tabibu na dawa hutoka humo. Babake mtoto huyu hutoa kama sisi sote. Lakini mapatano yasema "mtoto aliyezaliwa mtaani", naye alizaliwa Pate, maana mamake alikwenda kujifungulia kwao, kama wafanyavyo wake wengi mimba ya kwanza. Tulipopatana sisi wanaume, hilo halikutujia. Wala hatukuwauliza wake zetu.

Asubuhi mama mtoto alisimama mlangoni kwa mweka hazina.

"Bwana, mwanangu anaungua."

"Najua, Bi. Chukua asali hii, ni yangu. Ya mtaa siwezi. Nikitoa yeo kwa huruma, kesho nitanyima kwa chuki. Na tuyatengeneze mapatano kwanza."

Nilimkasirikia. Baadaye nikaona huenda haki iko kwake. Sijui, mimi si mwanachuoni.

Wazee walikubali upesi liandikwe "mtoto alelewaye mtaani". Ila mapatano yalisomewa Fatiha na wote, basi hayabadiliki bila wote, na mmoja wetu alikuwa ng'ambo ya mkondo, huko Ras Kitau, akikalafati mashua. Nikatumwa mimi. Kuvuka nikavuka kwa hofu. Mwaka jana binti wa mtu huyu, mzaliwa wa Pate vilevile, alinyimwa kwa neno lilo hilo. Babake akauza nyavu kumlipa tabibu, akanyamaza, nasi tukadhani hakuumia.

"Umevuka mkondo kwa neno moja?" akaniuliza, huku akishindilia pamba kwenye nyufa za mbao. "Watu wa mtaa hamna kazi!"

"Kuna mtoto ana homa."

"Wangu hakuwa nayo?"

Nikakiri kwamba alikuwa nayo. Akapiga nyundo mara kadhaa, kisha akaiweka chini.

"Lisome hilo neno."

Nikalisoma.

"Alelewaye. Na mgeni wa siku mbili, ashukaye bandarini Mtangawanda, huko Pate, kupanda chombo aje kutuletea mgonjwa wake?"

"Huyo halelewi mtaani."

Akajifuta mafuta mikononi. "Haya, ndia hiyo, twende. Ila mwambie mweka hazina wenu, asali yake hata mimi nilipewa. Haikushusha homa!"

Baada ya alasiri tulikutana barazani. Nilitazamia mkalafati awasute wazee, na angewasuta ningemwona ana haki. Hakusuta. Yeye ndiye aliyetangulia kuinua mikono, Fatiha ikasomwa, na mweka hazina akaondoka mbio kumwita tabibu, kilemba kikimfunguka njiani.

Mtoto alikunywa dawa, akaitapika, akapewa tena, ikakaa. Nilipotoka alikuwa amelala. Mwili ungali na moto, siwezi kusema amepona. Mamake alitaka kumshukuru mkalafati, naye akamkatiza: "Mpe mai, Bi, asikaukiwe. Shukrani baadaye."

Nilimwalika mkalafati kwetu na bintiye, yule wa mwaka jana. Tulikula wali wa nazi na papa mkavu, na binti ndiye aliyemaliza ukoko.